UZI: Makabidhiano ya Tanganyika 1926–1962. Kila hatua, mwenye madaraka alikuwa anamjibu nani?

Mkazi wa Makole (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam. Kila Bunge la bajeti linapoanza hapa Dodoma mjadala wa uwajibikaji hupamba moto. Mmoja husema "tumerithi kwa mkoloni", mwingine humjibu "mkoloni kaondoka 1961, acheni visingizio", na hoja inaishia hapo. Naomba safari hii tuichambue kwa tarehe na vifungu.

Nikisema kuwajibika nazungumzia vitu vinavyopimika: nani anaweza kumhoji mwenye madaraka naye akalazimika kujibu, nani anaweza kumnyima fedha, nani anakagua hesabu zake, na nani anaweza kumwondoa. Idadi ya viti peke yake haitoshi.

Tuanze 1926. Gavana Donald Cameron alizindua Baraza la Kutunga Sheria, LEGCO. Wajumbe walikuwa 20 ukimtoa Gavana: watumishi wa serikali 13, na 7 wasio watumishi, Wazungu 5 na Waasia 2. Mwafrika hakuwepo hata mmoja hadi 1945, walipoteuliwa Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Chifu Abdiel Shangali wa Machame. Gavana mwenyewe ndiye aliyeongoza vikao mpaka 1953 alipowekwa Spika. Wale watumishi walipiga kura na serikali kwa sababu ndiyo iliyowaajiri, kwa hiyo Gavana asingeweza kushindwa kura. Aliyeweza kumhoji na kumwondoa alikaa London.

1955 Gavana Twining akapanua Baraza hadi wajumbe 61. Upande wa serikali ulikuwa na 31, upande wa pili 30, yaani Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Wengi walisifu usawa wa 10 kwa 10 kwa 10. Mimi naitazama ile 31 kwa 30. Hata wajumbe wote wa upande wa pili wangeungana, walipungukiwa kura moja.

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, kwa mfumo wa kura tatu. Julai 1959 wajumbe watano waliochaguliwa wakaingia Baraza la Mawaziri: Chifu Abdallah Fundikira, Solomon Eliufoo, George Kahama, Amir Jamal na Derek Bryceson. Hatua hii inasahaulika, nayo ni muhimu sana. Watano hao walikaa meza moja na mawaziri watumishi, na mwenyekiti wa kikao alikuwa Gavana Turnbull. Mbunge aliyechaguliwa na watu alijikuta anatetea bungeni uamuzi wa kikao ambacho upande wake hauna wingi. Nyerere hakuingia. Alibaki nje akiongoza umoja wa wajumbe waliochaguliwa, na hapo ndipo serikali ilipoanza kuhojiwa kwa uzito.

Agosti 1960 viti vya kuchaguliwa vikawa 71. TANU ilipata 70, na kati ya hivyo 58 wagombea wake hawakupingwa. Kile kimoja, cha Mbulu, alishinda Herman Sarwatt aliyesimama kama mgombea binafsi, naye pia alikuwa mwana-TANU. Nyerere akawa Waziri Kiongozi. Machi 1961 mkutano wa katiba ukakaa ukumbi wa Karimjee chini ya Iain Macleod, Waziri wa Makoloni. Tarehe 1 Mei 1961 ikaja serikali ya madaraka: Waziri Mkuu ndiye sasa anaongoza Baraza la Mawaziri, lakini ulinzi na mambo ya nje bado viko kwa Gavana. Uhuru 9 Desemba 1961. Jamhuri 9 Desemba 1962.

Sasa kiini cha uzi huu. Kabla ya Uhuru mtawala wa Tanganyika aliweza kuhojiwa kupitia njia nne: Bunge la London, Umoja wa Mataifa kule New York kwa sababu tulikuwa nchi ya udhamini (Uingereza ilitutawala chini ya usimamizi wa Umoja huo), LEGCO pale Dar, na mahakama. Siku ya Uhuru njia ya London na ya New York zilifungwa kwa mpigo, na zilipaswa kufungwa, maana taifa huru halihojiwi na wageni. Swali ni nini kiliwekwa badala yake, na lini. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambayo mwananchi angeipelekea malalamiko dhidi ya ofisa, ilianza kazi 1966. Haki za binadamu ziliingia kwenye katiba 1984. Kati ya 1961 na hapo, mzigo wote ulibebwa na Bunge na mahakama, na ndani ya miezi kumi na miwili Bunge lenyewe likapunguziwa nguvu.

Karibuni. Anayeleta tarehe aje na uhakika nayo.

Nzuguni Sokoni

Mkuu umeanza vizuri. Hiyo kura tatu watu wanaitaja sana bila kuieleza. Mpiga kura alifanya nini hasa akishapewa karatasi? Na ni nani aliyeruhusiwa?

Kondoa Irangi

@Nzuguni Sokoni, ilikuwa hivi. Nchi iligawanywa majimbo 10 ya uchaguzi na kila jimbo lilitoa wajumbe watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Huku kwetu Jimbo la Kati, yaani Dodoma, Kondoa, Mpwapwa, Manyoni na Singida, lilikuwa eneo moja la kupigia kura. Mpiga kura alitakiwa kuchagua mtu mmoja katika kila kundi. Ukimwekea alama Mwafrika peke yake ukaacha wale wawili, karatasi yako imeharibika.

Sifa za mpiga kura: umri usiopungua miaka 21, halafu kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kushika cheo fulani kinachotambulika, kama uchifu. Pauni 150 zilikuwa shilingi 3,000. Mkulima wa mtama wa Bahi au mfugaji wa Chamwino hakuzifikia, hata kama zizi lake lilijaa ng'ombe.

Ndiyo maana mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, ulikuwa mgumu. Kususia kungeacha viti vyote 30 kwa UTP, chama kilichoungwa mkono na serikali. Kushiriki kulimaanisha kuomba wanachama wampigie kura Mzungu na Mwasia. Nyerere aliwashawishi washiriki, na Zuberi Mtemvu akajitoa akaanzisha chama chake cha upinzani, ANC. Ona jinsi sharti lilivyomgeukia aliyeliweka: kwa kuwa kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu wa makundi yote matatu, TANU yenye wafuasi wengi ndiyo ikaamua hata Mzungu gani na Mwasia gani aingie. Sophia Mustafa wa Arusha na Lady Chesham wa Iringa waliingia kwa mkono huo. Na kwa kuwa walijua ni kura za nani zilizowaingiza, wajumbe wa makundi yote matatu walizungumza kwa sauti moja ndani ya Baraza.

Kwa 1960 masharti yalilegezwa: kipato kikashuka hadi pauni 75, au kujua kusoma na kuandika Kiingereza au Kiswahili. Viti 50 vikawa wazi kwa wote, 11 vikatengwa kwa Waasia na 10 kwa Wazungu.

Kongwa Stesheni

Mleta uzi kasema London ilimhoji Gavana. Ni kweli, lakini tuangalie ilihoji kwa ajili ya nani. Mfano tunao hapa hapa mkoani Dodoma.

Mpango wa karanga wa Kongwa uliidhinishwa London 1946 na kazi ikaanza 1947. Timu ya upembuzi ilizunguka kwa wiki tisa tu, ikaandika kwamba ekari milioni 3.2 zinaweza kusafishwa. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa Kongwa mwisho wa mwaka huo zilikuwa kama 7,500.

Kilichoharibika kinaeleweka kwa yeyote anayelima kanda hii. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi. Mvua ikikatika unakauka na kuwa mgumu, jembe la trekta linalika upesi, na karanga zikishakomaa chini hazing'oki bila kuvunjika. Vichaka vilikuwa na mizizi mirefu iliyobaki ardhini baada ya shina kuondolewa, halafu mibuyu. Matrekta yalikuwa mitumba ya jeshi kutoka Ufilipino, vipuri havikuwepo, bandari ya Dar ikazidiwa. Juu ya yote mvua. Hii ni nchi ambayo Mgogo anapanda uwele na mtama kwa sababu anaijua mvua yake, na hakuna aliyemuuliza.

Upande wa fedha sasa. Fedha zilitoka Wizara ya Chakula ya Uingereza, waziri akiwa John Strachey, na kuanzia 1948 zilisimamiwa na shirika la umma lililoundwa kwa sheria ya Bunge la London. LEGCO ya Dar es Salaam haikuidhinisha bajeti hiyo wala haikuwa na uwezo wa kuisimamisha. Wakaguzi walipoleta ripoti 1949 wakasema vitabu vya hesabu havikutunzwa inavyotakiwa, Bunge la London lilichachamaa kwelikweli. Januari 1951 mpango ukafutwa, na pauni kama milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Hivyo uwajibikaji ulikuwepo, na ulikuwa mkali. Ila aliyekuwa anajibiwa ni mlipakodi wa Uingereza. Mwenye ardhi iliyochimbuliwa pale Kongwa hakuwa na mbunge wa kumuulizia swali. Sheria ya Ardhi ya 1923 ilisema ardhi yote ni ya umma chini ya Gavana, basi hata idhini yake haikuhitajika.

Ninalotaka kusema ni kwamba njia ya London isihesabiwe kama kitu tulichokipoteza. Haikuwahi kuwa yetu.

Mpwapwa Juu

Naunga mkono Kongwa Stesheni, na naongeza kumpinga mleta uzi kidogo.

Mosi, New York. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuja kila baada ya miaka mitatu kuanzia 1948, na mwananchi alikuwa na haki ya kuandika barua ya malalamiko moja kwa moja kwa Baraza la Udhamini. Lakini Baraza lilishauri tu. Wameru waliondolewa Ngare Nanyuki 1951, Kirilo Japhet akaenda New York 1952 akasikilizwa, na ardhi haikurudishwa kwa uamuzi huo. Ujumbe wa 1954 ulipopendekeza uhuru ndani ya miaka 20 hadi 25, serikali ya Twining iliupinga. Njia ambayo haiwezi kuamuru tusiipe uzito kuliko uwezo wake.

Pili, kuhusu kutokuwepo kwa haki za binadamu katika katiba ya 1961 na ya 1962. Tuwatendee haki waliokataa. Majaji wa Mahakama Kuu wakati ule walikuwa wageni. Jaji Mkuu wa kwanza mzalendo, Augustino Saidi, aliteuliwa 1971. Serikali ilikuwa inataka kubadilisha umiliki wa ardhi, kufuta uchifu na kuondoa ubaguzi kwenye ajira. Hofu ya kwamba kila sheria ingepelekwa mahakamani na kusimamishwa na jaji aliyeteuliwa enzi za Gavana haikuwa hofu ya kubuni. Wakaona haki ziwekwe kwenye utangulizi wa katiba ya 1962, mahali zisipoweza kushtakiwa.

Mkazi wa Makole (mleta uzi)

@Mpwapwa Juu, hoja ya majaji ina uzito, ila fuatilia kilichofuata. Sheria ya kuweka watu kizuizini ilipitishwa 1962. Rais akitia saini amri, mtu anafungwa bila mashtaka, na sheria yenyewe ilisema amri hiyo haihojiwi katika mahakama yoyote. Kama tatizo lilikuwa majaji wageni, ingetosha kuweka haki na kuahirisha utekelezaji wake hadi majaji wazalendo wapatikane. Tulifanya hivyo hivyo baadaye: haki ziliingizwa 1984, utekelezaji mahakamani ukasubiri hadi 1988. Kumbe njia ya kati ilikuwepo.

Juu ya New York tunakubaliana kwamba Baraza la Udhamini halikuamuru. Lakini angalia lilichomlazimisha Gavana kufanya. Kila mwaka Uingereza iliwasilisha ripoti ya utawala wa Tanganyika, na mjumbe wake alikaa kitini kuulizwa maswali na nchi zisizompenda. Nyerere alisimama pale Machi 1955, chama chake kikiwa hakijatimiza hata mwaka mmoja. Mtu anayejua ataulizwa mwakani anatunza kumbukumbu leo. Hicho ndicho kilichokatika Desemba 1961, ule wajibu wa kujieleza kwa maandishi kila mwaka mbele ya asiyekuogopa.

Sasa niingie kwenye ule mwaka mmoja niliosema Bunge lilipunguziwa nguvu, maana hapa ndipo penye nyama.

Katiba ya 1961 ilikuwa kiambatisho cha amri ya Malkia. Pamoja na asili hiyo, ndani yake mlikuwa na vitu vizuri. Mawaziri waliwajibika kwa pamoja kwa Bunge, na Bunge likipoteza imani nao waliondoka. Tume ya Utumishi ndiyo iliyoajiri na kufukuza watumishi, waziri hakugusa. Jaji hakuondolewa ila kwa uchunguzi wa jopo maalumu. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu alilindwa na katiba, na sheria ya hazina na ukaguzi ikatungwa mwaka huo huo.

22 Januari 1962 Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, Kawawa akashika. Serikali ikatoa waraka wa mapendekezo ya jamhuri. Bunge likajigeuza Bunge la Katiba kwa sheria, wabunge wale wale ambao 58 kati yao hawakupigiwa kura kwa kuwa hawakuwa na wapinzani, na kura ya maoni haikupigwa. Katika katiba mpya Rais akawa mkuu wa nchi na mkuu wa serikali, halazimiki kufuata ushauri wa mtu, na Bunge haliwezi kumwondoa kwa kura ya kutokuwa na imani. Tume ya Utumishi ikabaki ya kushauri. Nafasi za kuteuliwa bungeni zikawekwa mikononi mwa Rais. Novemba 1962 Nyerere alimshinda Mtemvu kwa zaidi ya asilimia 98, hivyo ridhaa ya watu kwa mtu yule haina shaka. Ila ridhaa kwa mtu na ridhaa kwa mfumo ni vitu viwili, na kile cha pili hakikuulizwa.

Halafu tazama mkoani. Kamishna wa Jimbo wa Kiingereza aliyekaa hapa Dodoma alikuwa mtumishi, aliripoti kwa Gavana. 1962 akaja Mkuu wa Mkoa, mteule wa kisiasa, ambaye wakati huo huo ni Katibu wa TANU wa mkoa. Kofia mbili kichwa kimoja. Akikukosea kama serikali, unakwenda kulalamika chamani, unamkuta yeye. Watemi nao, akina Mtemi Mazengo wa Mvumi, walipoteza nguvu za kisheria 1963. Wengi wao walikuwa wakimjibu Mkuu wa Wilaya badala ya watu wao, kwa hiyo siwalilii kama watawala. Lakini kiti kilichobaki wazi kilijazwa kwa uteuzi kutoka juu.

Nzuguni Sokoni

Hapo kwenye kofia mbili umenifungua macho. Je, kuna nchi iliyokabidhiwa ikaanza na vyombo vya ukaguzi kabla ya uchaguzi? Matokeo yalikuwaje?

Msalato Anga

@Nzuguni Sokoni, ipo, na ni Hong Kong. Mazingira ni tofauti sana kwa sababu kule mamlaka hayakwenda kwa wenyeji, yalihama kutoka Uingereza kwenda China, lakini kwa swali lako inafaa.

Tamko la pamoja la China na Uingereza lilisainiwa Desemba 1984, makabidhiano yakapangwa 1 Julai 1997. Wakati huo Baraza la Kutunga Sheria la Hong Kong halikuwa na mjumbe hata mmoja wa kuchaguliwa. Waliochaguliwa na makundi ya kazi, yaani sekta za taaluma na biashara, waliingia 1985, na uchaguzi wa moja kwa moja wa watu ukaja 1991 kwa viti 18 tu. Kwa upande wa vyombo ilikuwa kinyume: taasisi huru ya kupambana na rushwa ilianzishwa 1974, kamati ya hesabu za serikali barazani 1978, ofisi ya kupokea malalamiko dhidi ya utawala 1989, sheria ya haki za binadamu 1991.

Gavana wa mwisho, Chris Patten, alifika Julai 1992, na Oktoba akatoa mapendekezo yake. Alitafuta mianya ndani ya Sheria ya Msingi, katiba ya Hong Kong ya baada ya 1997, ambayo China ilishaipitisha Aprili 1990. Idadi ya viti ilikuwa imefungwa, kwa hiyo hakuigusa. Akabadilisha nani anapiga kura. Umri wa kupiga kura ukashuka kutoka 21 hadi 18. Wajumbe wa kuteuliwa wakafutwa. Viti tisa vipya vya makundi ya kazi, ambavyo kwa mtindo wa zamani vingepigiwa kura na makampuni na wakubwa wachache, akavifungua kwa kila mfanyakazi wa sekta husika, watu kama milioni 2.7. Pia aliacha kuongoza vikao vya Baraza na badala yake akawa anakwenda kujibu maswali ya wajumbe. Septemba 1995 Baraza zima la wajumbe 60 likachaguliwa: 20 moja kwa moja na wananchi, 30 na makundi ya kazi, 10 na kamati ya uchaguzi.

China ilisema wazi kwamba haikukubaliana na hilo. Makubaliano ya awali yalikuwa wajumbe wa 1995 wavuke nao 1997 bila uchaguzi mpya. Yakafutwa. Kamati ya watu 400 ikachagua Baraza la muda mwishoni mwa 1996, na usiku wa makabidhiano waliochaguliwa 1995 wakapoteza viti. Uchaguzi wa 1998 ulirudisha makundi ya kazi kwenye wapiga kura wachache.

Basi jibu la swali lako ni hili: mageuzi ya viti yaliyofanywa ndani ya miaka mitano ya mwisho kabla ya kuondoka yaling'olewa kwa siku moja, lakini mkaguzi wa hesabu, ofisi ya malalamiko na taasisi ya rushwa vilivuka mpaka wa 1997 vikiendelea na kazi. Vilikuwa na watumishi, majalada, bajeti na mazoea ya miaka mingi. Naamini chombo kilichozoeleka ni kigumu kukiondoa kuliko kiti kipya.

Kuna jambo jingine kule linalofanana na letu. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Msingi kinasema serikali inawajibika kwa Baraza: ijibu maswali, ipate idhini ya kodi na matumizi. Kifungu cha 74 kinamkataza mjumbe kuleta muswada unaogusa matumizi ya umma. Yaani anaweza kuzuia shilingi, hawezi kuielekeza.

Mkazi wa Makole (mleta uzi)

@Msalato Anga, na sisi tunacho. Ibara ya 99 ya Katiba ya 1977: jambo la kodi au fedha za mfuko mkuu halijadiliwi bungeni mpaka Rais apendekeze kupitia waziri. Ni kanuni ya mabunge ya asili ya Kiingereza, Gavana aliifuata, na ipo mpaka leo. Ukimsikia mbunge wako anaahidi "nitaongeza bajeti ya maji Chamwino", ujue kikatiba anachoweza ni kubana, kuhoji na kukataa.

Kikuyu Kaskazini

Nimefuatilia kimya. Naomba kujua kwa vitendo: katika sheria za mkoloni zilizovuka, zipi ziliendelea kumlinda mwenye madaraka asihojiwe? Na mwananchi wa kawaida leo afuate utaratibu gani?

Kondoa Irangi

Siku ya Uhuru sheria zote zilizokuwepo ziliendelea kutumika mpaka zibadilishwe. Usalama wa nchi ulihitaji hivyo, huwezi kuamka bila sheria ya jinai. Tatizo ni zile ambazo hazikubadilishwa. Sheria ya 1921 ya kumhamisha mtu kwa nguvu kutoka sehemu moja ya nchi hadi nyingine, na ile ya adhabu ya pamoja ya 1921, zilikuwa bado zipo Tume ya Nyalali, iliyochunguza kama nchi irudi kwenye vyama vingi, ilipotoa orodha ya sheria 40 kandamizi miaka 30 baada ya Uhuru.

Iliyogusa uwajibikaji moja kwa moja ni ya kuishtaki serikali. Mkoloni aliweka sharti kwamba huwezi kuishtaki serikali bila idhini ya serikali yenyewe. Sheria ya Mashauri ya Serikali ya 1967 ikalibakiza: unaomba ruhusa kwa mtu unayetaka kumshtaki. 1993 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, ikasema sharti hilo linakiuka Katiba. Hukumu hiyo iliwezekana kwa sababu haki zilishaingizwa katika Katiba 1984. Bila hizo, mahakama isingekuwa na kitu cha kupimia.

Utaratibu wa sasa: marekebisho ya 1994 yaliweka notisi isiyopungua siku 90. Unaandika ukieleza nani anadai, anadai nini na msingi wa dai, unaipeleka kwa taasisi husika na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tunza nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi wenye tarehe, maana mapingamizi mengi yanaanzia hapo. Tangu 2020 shauri linafunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Kesi nyingi hufutwa kabla ya kusikilizwa, si kwa sababu dai ni bovu: siku 90 hazijatimia, au Mwanasheria Mkuu hakuunganishwa. Katika mgogoro wa ardhi mjini, soma kwanza umlenge nani. CDA, mamlaka iliyostawisha makao makuu hapa Dodoma, ilivunjwa 2017 na shughuli zake zikahamia iliyokuwa Manispaa, sasa Jiji la Dodoma.

Mkazi wa Makole (mleta uzi)

Namalizia upande wa hesabu, kwa kuwa kazi yake inafanyika hapa hapa mjini.

Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, yaani CAG, anatakiwa kumkabidhi Rais ripoti ifikapo 31 Machi. Ibara ya 143 inamtaka Rais aagize ziwasilishwe bungeni kabla ya siku saba kupita tangu kikao kianze. Asipofanya hivyo, CAG mwenyewe anazipeleka kwa Spika. Kifungu hicho kidogo kina thamani kubwa, kwa sababu ripoti haiwezi kukaliwa.

Baada ya hapo zinagawanyika: za wizara na taasisi zinakwenda Kamati ya Hesabu za Serikali, za halmashauri zinakwenda Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa. Anayeitwa mbele ya kamati ni afisa masuuli, yaani katibu mkuu au mkurugenzi, kwa jina lake, kwa fedha alizosaini. Waziri anajibu kwa sera.

Ukitaka kufuatilia halmashauri yako usisome muhtasari wa magazeti. Chukua ripoti ya serikali za mitaa, anza na sehemu ya utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita, tafuta jina la halmashauri, linganisha na ripoti ya mwaka uliotangulia. Hoja inayojirudia miaka mitatu kwa maneno yale yale ndiyo ya kumpelekea diwani wako, kwa maandishi, kabla ya kikao cha baraza la madiwani. Akijibu kwa mdomo, omba iingie kwenye muhtasari wa kikao.

Hansadi za Bunge, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, zipo kwenye tovuti yake. Anayetaka za LEGCO na majalada ya Jimbo la Kati aanzie Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, aombe kibali cha utafiti mapema, na aandike namba za majalada kabla ya kwenda. Mwenye Hansadi ya mjadala wa Bunge la Katiba wa 1962 aweke hapa sehemu ya Tume ya Utumishi. Tuone ni mbunge gani aliyeuliza kwa nini inapokonywa meno, na alijibiwa nini.